Kabla, Baada, na Baada ya Baada

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Kifungo cha suruali kimeruka! Nilikuwa nimeinama chini ya mizani ya Mama Maharage pale sokoni, bisibisi mdomoni, mara pa! Kikaruka moja kwa moja hadi ndani ya gunia la maharage. Kifungo cha kahawia, maharage ya kahawia. Tukakitafuta robo saa nzima, mimi, yeye na wateja wake wawili, mkono wangu mmoja guniani, wa pili umeshika suruali. Mama Maharage akasema nisijali, atakayekipika atakirudisha. Wateja wakavunjika mbavu.

Nikarudi karakana, nikafunga mlango, nikapanda mizani yangu mwenyewe. Themanini na nne.

Haiwezekani! Nikaipima kwa mawe ya mizani, yale ya kilo kumi kumi. Iko sawa. Nikaipima tena. Iko sawa tena. Miaka kumi na tisa mimi ni fundi mizani, fundi pekee wa mji huu, na leo kwa mara ya kwanza nimechukia kuwa fundi mzuri. Mizani ile haijawahi kunidanganya tangu niinunue. Mke wangu ananibembeleza, wateja wananisifu wakitaka punguzo, lakini mizani inasema ilichoona.

Niandike yote hapa, maana daftari halicheki. Mwaka juzi nilikuwa kilo mia na moja. Mjini hakuna aliyeniita Fundi. Waliniita Pipa. Aliyenipa jina hilo ni shemeji yangu, kinyozi, kaka wa mke wangu, tena siku ya harusi yangu, tena akiwa ameshika kipaza sauti. Mwaka jana nikajiunga na kikundi cha pale zahanati cha watu wanaotaka kupungua. Nikala kabichi ya kuchemsha miezi mitano. Nikafika sabini na saba! Nesi akanipiga picha, akaitundika ukutani kando ya ile ya siku ya kwanza. Moja imeandikwa KABLA, nyingine BAADA. Watu wakaanza kuniita Mstari. Siku ile nilizunguka mji mzima bila shughuli yoyote, natembea upande upande ili nionekane vizuri. Jioni nikasherehekea kwa mkate mzima na siagi. Nilistahili. Tangu hapo sikupanda mizani tena. Ya nini? Kazi ilikuwa imekwisha.

Sasa balaa lenyewe. Ijumaa ya tarehe 14 ni kipimo cha mwaka. Aliye ukutani akizidi sabini na nane, picha zake zinashushwa, anatundikwa mwingine aliyefika. Na anayeumezea mate ukuta ule ni nani? Shemeji! Alijiunga baada yangu, sasa yuko themanini na anashuka. Kila nikipita mbele ya kibanda chake cha kunyolea anaacha kichwa cha mteja nusu, anatoka mlangoni, ananiuliza Mstari bado umenyooka?

Picha yangu ikishuka, Pipa amerudi. Haishuki! Nimeapa. Siku kumi na moja, kilo sita. Kesho kabichi.

Jumanne, 4 Machi

Kabichi asubuhi. Kabichi mchana. Saa tisa kwa njaa nikachora mstari wa gramu mia mahali pa gramu hamsini, ikabidi nifute. Kabichi jioni. Mke wangu anakula wali na mayai mbele yangu bila hata kupepesa macho. Nimemwambia anaweza kula sebuleni. Akaniambia hapa ndipo sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku tatu za kabichi. Themanini na nne na robo! Hiyo robo imetoka wapi? Kabichi yenyewe haina hata uzito wa kujivunia. Mwaka jana kabichi hiihii ilikuwa inaniporomosha kilo nzima kila wiki. Nimemwendea muuza mboga kumlalamikia kwamba kabichi zake zimebadilika. Akaniangalia kutoka juu hadi katikati, hakufika chini, akasema kabichi ni zilezile.

Mchana nikaenda kwa Nesi. Sikumwambia ni mimi. Nilimwambia nina rafiki. Rafiki yangu alipungua vizuri sana, uzito umerudi kimyakimya, na safari hii kila anachofanya hakisaidii. Je, rafiki yangu ni mvivu? Ana laana?

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema rafiki yangu hana laana wala si mvivu, na hayuko peke yake hata kidogo, wengi waliopungua hurudi. Akasema mwili ukipoteza kilo nyingi unaogopa, unadhani njaa kuu imeingia nchini. Kwa hiyo unaongeza hamu ya kula na kuchelewesha shibe. Halafu unabana matumizi. Mtu mwepesi anahitaji chakula kidogo kuliko alivyokuwa mzito, hilo la kwanza. Na juu ya hilo mwili wake unafanya ubahili wa ziada, na ubahili huo unaweza kukaa miaka. Kwa hiyo anayerudia kula kama zamani, hata kidogo kidogo, uzito lazima urudi. Na anayejitesa kwa kabichi tupu anauogofya mwili zaidi, halafu siku akichoka anakula meza.

Nikamuuliza dawa ya rafiki yangu. Akasema atafute chakula cha kawaida anachoweza kukila miaka yote, atembee kila siku, alale vya kutosha, ajipime kila wiki, na uzito ukianza kupanda aje aseme mapema bila aibu. Akasema kama yote hayo hayatoshi, kuna msaada mwingine wa daktari, na si dhambi kuuomba. Basi. Hayo tu! Nilitegemea kitu cha siku nane.

Nikiwa mlangoni akaniambia nimfikishie rafiki yangu salamu, na kwamba kifungo cha tatu cha shati la rafiki yangu kimebaki na uzi mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaza maneno ya Nesi usiku kucha na nimeyaelewa kuliko yeye. Mwili unaogopa njaa. Basi dawa si kula kidogo, dawa ni kuutuliza mwili! Uone chakula kipo. Ukishaona kipo, utaacha ubahili.

Asubuhi nikabeba gunia la mchele nikaliweka kando ya kitanda, upande wangu. Dirishani nikapanga makopo ya maharage. Mfukoni nikaweka mkate, nusu nje, uonekane. Mke wangu akauliza kama tunahama. Nikamweleza kwamba nautuliza mwili. Akauliza mwili una macho? Nikamwambia una macho mawili, na yote yako usoni kwangu. Akaenda kazini akinong'ona peke yake.

Karakana nikaweka mkate mezani mbele yangu. Kila nikikaza skrubu moja, naugusa, nauambia mwili, tulia, kipo. Mwili ukatulia kabisa. Saa tano nikaona kuugusa tu hakutoshi, nikaunusisha. Saa tano na dakika tano hapakuwa na mkate.

Si kosa la mpango. Mkate ulikuwa wa moto. Kesho nitatumia mkate wa juzi.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki mengi. Kiuno kinaniuma, na heshima pia.

Jana nilipata wazo ambalo hakuna daktari angelipata, kwa sababu daktari si fundi mizani. Nesi alisema mwili mzito unatumia chakula kingi na mwepesi unatumia kidogo. Basi kosa langu lilikuwa kuzipoteza zile kilo ghafla, mwili ukagundua! Ningezirudisha kilo zenyewe bila mafuta yake, mwili ungedhani bado mimi ni Pipa na ungeendelea kutumia kama Pipa. Na kilo ninazo! Karakana yangu imejaa kilo. Nikachukua mawe mawili ya kilo kumi, moja tumboni, moja mgongoni, nikayafunga kwa mkanda mpana, nikavaa koti juu. Jumla mia na nne. Mwili usingejua kitu.

Leo baada ya chai nikatoka hivyo hivyo kutembea. Nilifika mbele ya kibanda cha Shemeji nikiwa natoka jasho la kufa mtu. Shemeji akanikaribisha kwa adabu ambayo ningeitilia shaka kama ningekuwa na pumzi. Akanionyesha benchi la wateja, kaa Shemeji yangu, upumzike.

Nikakaa. Benchi likasema kraa, likagawanyika katikati, na watu wanne tukawa sakafuni. Mmoja wao ana povu kichwani.

Halafu Shemeji, kwa sauti ileile ya kipaza sauti cha harusi yangu: Pipa amerudi!

Ningefanyaje? Ningefungua koti kuwaonyesha kwamba kilo ishirini si zangu? Watu waone mtu mzima amejifunga mawe ya mizani tumboni? Nilijikaza kisabuni. Nikasema benchi lilikuwa limeliwa na mchwa. Nikajaribu kuinuka. Sikuweza. Wakaniinua watu watatu, na yule mwenye povu akasema, Mungu wangu, huyu mtu amejaa chuma.

Nimefika nyumbani nikilia. Nakiri. Si maumivu ya kiuno. Watoto wa jirani walinifuata hadi kona wakiimba lile jina ambalo nilidhani nimelizika.

Halafu nikala. Kubeba kilo ishirini kunatia njaa ajabu.

Jumatatu, 10 Machi

Themanini na nne na nusu.

Barua imeletwa karakana. Inatoka zahanati, saini ya Nesi. Mizani ya kikundi inatakiwa kukaguliwa na kutiwa lakiri mpya, ule muhuri wa fundi, kabla ya kipimo cha Ijumaa. Tafadhali Fundi ufike.

Nimeisoma mara tano. Mimi ndiye fundi. Fundi ni mimi.

Hapana! Miaka kumi na tisa sijaigusa mizani ya mtu kwa hila. Muuza nyama mmoja alinitaka nimpunguzie gramu hamsini, nikamfukuza na nyama yake. Lakiri yangu ni jina langu. Hapana, hapana, hapana.

Jioni Shemeji amepita mbele ya karakana akipiga mluzi, na begani ana nyundo. Akaniuliza kama ukuta wa zahanati ni wa tofali au wa mbao, maana anataka kujua aina ya msumari.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya.

Niliweka mambo mawili wazi kwanza. Mizani ya watoto na ya wagonjwa ni nyingine, iko chumba kingine, na siigusi hata kwa ndoto. Hii ni ya kikundi tu, ya kupimia wanene wenzangu wanaojipenda. Na ni kwa siku chache. Jumatatu narudi narekebisha, hakuna aliyeumia.

Ni kazi ya ufundi, ingawa najisifu mwenyewe. Mizani ile ni ya mkono wa chuma, una namba, na juu yake kuna kidude cha kusogeza. Ndani ya kidude kuna tundu dogo. Nikatia humo kipande cha risasi, ile metali nzito, ukubwa wa punje ya mahindi, nikaziba, nikatia lakiri. Kidude kikiwa kizito hakihitaji kwenda mbali, kwa hiyo kinasimama kwenye namba pungufu. Mizani ikiwa tupu inasoma sifuri, haina hatia. Mtu wa themanini na nne akipanda, inasema sabini na saba! Nimejaribu. Nimejaribu mara nne, kwa furaha tu.

Nesi alikuwa ameketi palepale anaandika kadi. Akanishukuru kwa kufika mapema. Akanipa chai. Mkono wake ni mwema sana, nikashindwa kumwangalia.

Nilipotoka nilipita mbele ya picha yangu. BAADA. Nikainyoosha kidogo, ilikuwa imeinama.

Jumatano, 12 Machi

Amani! Sijala kwa amani hivi tangu mwaka jana. Wali, mayai manne, viazi vya kukaanga. Kabichi nimempa jirani afugaye sungura.

Alhamisi, 13 Machi

Keki. Mke wangu akauliza, kesho si kipimo? Nikamwambia fundi haogopi mizani. Nikaongeza kipande.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni, mahali pekee penye komeo nyumba hii.

Saa nne tulikuwa wote pale, watu saba wa kikundi. Akatangulia Mwalimu Mstaafu, mama wa watu, miaka mitatu anapigana na kilo zilezile. Alikuwa tisini na tano mwezi uliopita. Leo themanini na saba! Akashika kifua. Akapiga magoti. Akalia, akasema Mungu amemwona. Nami nikajisikia vizuri kwa sekunde tatu, kama mfadhili. Halafu nikaona anavyolia.

Wa pili, pungufu kilo saba. Wa tatu, kilo nane. Chumba kikalipuka. Watu wanakumbatiana, wanapigiana simu nyumbani, mmoja ameshaagiza soda.

Nikatambua kitu ambacho fundi mizani wa kwanza duniani angekitambua kabla ya kugusa bisibisi. Risasi haimjui mtu. Risasi inampunguzia kila mtu!

Shemeji akapanda. Sabini na tatu. Akashuka kama bwana harusi. Akatoa nyundo kwenye begi. Alikuja nayo kweli!

Nikabaki mimi. Nikajituliza: sabini na saba, nabaki chini ya alama, picha haishushwi, yeye atafute ukuta mwingine. Nikapanda. Nesi akasogeza kidude. Polepole. Kikasimama.

Sabini na tisa.

Sabini na tisa! Mizani yangu mwenyewe, risasi yangu mwenyewe, na bado nimezidi! Kumbe zile siku mbili za amani. Viazi. Keki. Nimeiba na bado nimeshindwa kuiba vya kutosha.

Shemeji akaanza kupima ukuta kwa vidole. Lakini Nesi hakuandika kitu. Akavua viatu, akapanda mizani yeye mwenyewe. Akashuka. Akasema kwamba tangu jana asubuhi, alipojipima kwenye mizani ya wagonjwa, naye amepungua kilo tano na nusu, na jana alikula vizuri sana. Halafu akageuka. Fundi, akasema, tunaye fundi hapahapa, bahati iliyoje. Atufungulie tuone.

Macho ya wote juu yangu. Nikapiga hesabu haraka. Nikisema mizani ni nzima, Shemeji anatundikwa. Nikisema mbovu, lakiri ni ya nani? Ya kwangu, ya juzi! Jasho likanitoka hadi kwenye kope. Nikamwangalia Mwalimu Mstaafu, bado ameshika leso, anamwambia mwanawe kwenye simu, nimeweza mwanangu, nimeweza.

Sikuweza kumwacha arudi nyumbani na kilo za uongo. Nikatoa bisibisi. Nikavunja lakiri yangu. Kipande cha risasi kikadondoka, kikagonga sakafu, ti!, kikabingirika chumba kizima hadi kwenye kiatu cha Nesi. Watu wakauliza ni nini kile. Nikasema uchafu.

Tukapimwa upya. Ndani ya robo saa watu saba walinenepa kilo arobaini na tisa kwa jumla bila kula chochote. Soda ikafika katikati ya maombolezo. Mwalimu Mstaafu tisini na tano. Shemeji themanini, hakufika alama, nyundo ikarudi kwenye begi. Mimi themanini na sita.

Mwalimu Mstaafu hakunifokea. Alikunja leso yake akaiweka kwenye mkoba. Ningependa angenifokea.

Mke wangu anagonga mlango. Anasema chai iko tayari. Anasema pia kuna watu wengine wanaohitaji choo.

Jumamosi, 15 Machi

Nesi aliniita asubuhi, peke yangu. Akaweka kile kipande cha risasi mezani. Akasema uchafu wa kawaida hauingii ndani ya lakiri. Akasema hatamwambia mtu kwa sababu niliitoa mwenyewe mbele za watu wakati ningeweza kukaa kimya. Ila nitatia lakiri upya yeye akiwa amesimama juu ya kichwa changu, kila mwaka, hadi mmoja wetu astaafu. Nikasema sawa. Akanirudishia risasi yangu, akasema niitupe.

Kisha akaniambia nisimame karibu na ukuta. Nilidhani naambiwa nishushe picha mwenyewe. Akanipiga picha! Hivi hivi, na tumbo langu, na shati lisilo na kifungo cha tatu. Ameitundika ya tatu, kando ya zile mbili, na chini yake ameandika BAADA YA BAADA. Akasema watu wanaoona KABLA na BAADA tu hudhani safari imeishia pale, halafu uzito ukirudi wanajificha kwa aibu na hawaji tena. Wakiiona hii watajua kwamba hutokea, na kwamba aliyetokewa bado anakuja kupimwa. Mwalimu Mstaafu alikuwepo. Akaitazama muda mrefu. Akasema zake zimerudi mara tatu na hakuwahi kumwambia mtu, kisha akaniuliza kama Ijumaa nitakuja kupimwa. Nikasema nitakuja. Akasema basi naye atakuja.

Wakati wa kutoka nikamkuta Shemeji nje. Tukatembea pamoja barabara nzima. Karibu na kibanda chake akaniambia jambo. Akasema siku ya harusi yangu yeye alikuwa mia na nne. Watu walikuwa wameanza kumnong'ona. Akaniona naingia na suti yangu, akashika kipaza sauti akalitupa lile jina kwangu kabla halijamkuta yeye. Akasema samahani, Shemeji. Miaka kumi na saba! Nilitaka kumkumbatia. Tulijaribu, lakini matumbo yalikutana kabla ya mikono.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anashona kifungo kipya cha suruali. Nikamuuliza kwa nini anakishona mbali hivyo na pale kilipokuwa. Akasema kwani pale kilipokuwa ndipo kilipokuwa? Amekisogeza mara nne tangu mwaka jana, kila nilipolala, nisije nikahuzunika. Mara nne! Ndiyo maana suruali haikunibana! Nilikuwa nikitapeliwa ndani ya nyumba yangu, kwa mapenzi. Nikakasirika dakika nzima. Halafu nikaketi karibu naye nikamshikia uzi.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Chakula cha kawaida, kutembea, kujipima kila wiki, ukweli mtupu. Hakuna njia ya mkato.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi njema. Nimekula kawaida, nimetembea hadi karakana badala ya kupanda baiskeli. Nikapanda mizani yangu. Themanini na sita. Baada ya ukweli wote ule, themanini na sita!

Nikakaa nikafikiri. Nesi mwenyewe anasema anayevunjika moyo huacha. Kwa hiyo moyo usivunjike, hilo ndilo jambo la kwanza kitabibu. Na moyo wangu unavunjwa na nini? Na namba. Mizani yangu ina ukali usio na faida yoyote kwa mgonjwa.

Nikapeleka mkono mfukoni kutafuta bisibisi, nikakuta kile kipande cha risasi. Nilisahau kukitupa.

Hii si ya zahanati. Ni yangu, ndani ya karakana yangu, hakuna Mwalimu Mstaafu anayeipanda. Ni kwa ajili ya kutiana moyo tu. Nikafungua kidude, nikatia, nikaziba. Nikaweka na lakiri kabisa, mambo yawe rasmi.

Nikapanda. Sabini na tisa! Kilo saba kwa asubuhi moja, na bila kabichi! Njia hii inafanya kazi. Nimemtuma mtu aniletee mkate mzima na siagi. Nimestahili.